Kabla chama cha kushoto hakijasogea katikati, pigeni hesabu hii kwanza

Chama cha mrengo wa kushoto, yaani kile kinachojinadi kwa wafanyakazi na watu maskini, kikishapigwa kwenye uchaguzi, wiki haiishi utasikia tulikuwa kushoto mno tusogee katikati, na wengine wanajibu hapana, tumepoteza sababu hatukuwa kushoto vya kutosha, na ubishi huo unaenda miaka bila mtu kupima kitu. Kama uko ndani ya chama cha namna hiyo, iwe kwenye kamati au ni mtu wa kugonga milango tu wakati wa kampeni, mi ningekushauri uanze hivi.

Anza na mfumo wa kura kabla ya kugusa sera yoyote. Uingereza mwenye kura nyingi jimboni ndo anabeba kiti, sasa angalia: mwaka 2019 Labour, chama kikubwa cha kushoto cha huko, chini ya Jeremy Corbyn ilipata kura zaidi ya milioni 10.2 ikaambulia viti 202, mwaka 2024 Keir Starmer akiwa ameshakivuta chama katikati akapata kama milioni 9.7, yaani pungufu, na bado akatoka na viti 411. Usikimbilie kusema katikati kumelipa, maana kura za kulia ziligawanyika kati ya Conservative na Reform UK na hilo lilimbeba sana. Kwenye nchi za uwiano, yaani viti vinagawanywa kulingana na asilimia ya kura, hesabu inabadilika, ukisogea wale unaowaacha nyuma wanachukuliwa na chama kingine ambacho nacho kinaingia bungeni. Denmark mwaka 2019 Social Democrats, chama cha kushoto cha huko, walikaza sana kwenye uhamiaji, kura zao zenyewe zikashuka kidogo kutoka asilimia 26.3 hadi 25.9, lakini vyama rafiki vikapanda na kiongozi wao Mette Frederiksen akawa waziri mkuu. Kwa hiyo uliza, tukisogea, tunaowapoteza wataangukia kwa rafiki au kwa adui?

Afu andika waliowakimbia wameenda wapi. Kuna waliohamia kulia, kuna waliokwenda kushoto zaidi, na kuna waliobaki nyumbani, na hawa wa mwisho ndo husahaulika kila siku sababu hawapigi kelele. Labour ya Tony Blair ilipata kura kama milioni 13.5 mwaka 1997, kufika 2005 zimebaki kama milioni 9.5, na kwa kuwa bado walikuwa wanashinda hakuna aliyeshtuka.

Sasa kazi yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Tenganisha kinachowaogopesha watu na kinachowafanya wakupigie kura, ni vitu viwili na vyama vingi vinavitupa vyote kwa pamoja. Lula da Silva wa Brazil alishindwa uchaguzi wa rais mara tatu, 1989, 1994 na 1998. Mwaka 2002 masoko yalikuwa yanatetemeka kwa kumwogopa, akatoa barua kwa wananchi akiahidi kuheshimu mikataba ya nchi, akamchukua José Alencar, tajiri wa viwanda vya nguo, kuwa mgombea mwenza. Hapo aliondoa hofu. Ila ahadi ya kupambana na njaa na umaskini hakuilegeza, akashinda kwa zaidi ya asilimia 61 raundi ya pili, na Oktoba 2003 Bolsa Família, posho ya serikali kwa familia maskini, ikaanza.

Hata Blair, ambaye watu wa kushoto wanamkasirikia mpaka leo na kwa vita vya Iraq mi nawaelewa kabisa, kile kikadi chake kidogo cha ahadi tano cha 1997 kisome vizuri. Kiliahidi kutopandisha viwango vya kodi ya mapato, sawa, hiyo ni ya katikati, lakini humo humo kuna kuwatoa vijana 250,000 kwenye posho na kuwapa kazi kwa hela za kodi ya mara moja iliyotozwa kampuni zilizobinafsishwa, kama za umeme na maji. Kima cha chini cha mshahara nacho kikaanza Aprili 1999.

Linganisha na SPD, chama kikubwa cha kushoto cha Ujerumani. Gerhard Schröder alishinda 1998 kwa asilimia 40.9, afu na mpango wake wa mageuzi ulioitwa Agenda 2010 akakata posho za waliokaa muda mrefu bila kazi, yaani akawagusa watu wake mwenyewe. Mwaka 2009 chama kilikuwa asilimia 23, na Die Linke, chama cha kushoto zaidi kilichokuwa kinawapokea wengi wa waliokasirika, kikapata 11.9.

Kwa hiyo kila sera mnayotaka kuilegeza iulizeni, nani anaumia tukiiacha? Jibu likiwa ni wale wanaosimama foleni kuwapigia kura, msiilegeze, hata mshauri wa kampeni awe na kura za maoni za namna gani. Mlangoni nako usimuulize mtu kama yuko kushoto au kulia, wengi wanataka matibabu ya bure na polisi wakali kwa wakati mmoja, muulize tukishinda nini kitakutia wasiwasi, afu nyamaza uandike anachosema kwa maneno yake.

Jambo la mwisho lifanyeni kabla ya kura, si baada: kubalianeni kwa maandishi ni kitu gani kimoja cha kushoto kitaanza ndani ya mwaka wa kwanza, hela yake inatoka wapi na waziri gani anakibeba. Kama kamati inashindwa kukubaliana hata hicho kimoja, suala la kusogea lisubiri kikao kingine.