Miji 6 ya Ulaya kwa treni ndani ya siku 10: viti kwanza, hoteli baadaye

Mpwa wangu alikuja kutoka Tanga mwezi wa tano, ana siku 10 tu na miji 6 kichwani: Amsterdam, Brussels, Paris, Munich, Vienna, Budapest. Tulikaa mezani jioni mbili tukaipanga yote, na kwa kuwa naulizwa sana hili swali, naandika tulivyofanya.

Hatua ya 1: Viza. Miji yote hiyo iko Schengen, viza ni moja, unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. London iache, ina viza yake.

Hatua ya 2: Chora mstari. Ndege ikushushe mji wa kwanza, ikuchukue mji wa mwisho. Kurudi ulikoanzia ni kutupa siku nzima.

Hatua ya 3: Pasi au tiketi. Pasi ya treni ni tiketi moja ya kupanda treni za nchi nyingi, kwa idadi ya siku ulizolipia. Anayeishi Afrika ananunua Eurail, anayeishi Ulaya ananunua Interrail. Tulichukua ya siku 5 za kusafiri ndani ya mwezi 1, maana miji 6 ni safari 5, na mpwa hajafika miaka 28 kwa hiyo akapata bei ya vijana. Kama tarehe zako unazijua miezi mitatu kabla na hubadilishi kitu, piga kwanza hesabu ya tiketi moja moja, mara nyingi inashuka chini ya pasi.

Hatua ya 4: Viti. Hapa tulia usome. Pasi inakuruhusu kupanda, haikupi kiti. Treni za ndani ya Ujerumani na Austria unapanda tu unakaa, Amsterdam–Brussels kwa treni ya kawaida pia hivyo hivyo, Vienna–Budapest pia. Lakini TGV (treni za kasi) za Ufaransa, Eurostar (ndiyo ya Brussels–Paris), treni za kasi za Italia na Hispania, na treni za usiku, hizo kiti ni lazima na unakilipia juu ya pasi, halafu baadhi yao, Eurostar mojawapo, wametenga viti vichache tu kwa wenye pasi, vikiisha ndiyo basi hata kama treni ina nafasi na watu wa tiketi za kawaida bado wanauziwa.

Mimi safari yangu ya kwanza sikulijua hilo. Hoteli ya Munich nimeshalipia, nikaenda stesheni Paris asubuhi na pasi mkononi, foleni karibu masaa matatu, dada wa dirishani akanigeuzia skrini nione mwenyewe: mstari baada ya mstari, siku nzima, hakuna. Pesa ya hoteli haikurudi.

Kwa hiyo mpangilio wangu siku hizi haubadiliki: kabla hujagusa hoteli yoyote, buku kiti cha Brussels–Paris na cha Paris kwenda Ujerumani. Tarehe za hivyo viwili zikishakaa, miji mingine inajipanga yenyewe pembeni, hizo safari nyingine unaweza kuamka ukaamua asubuhi hiyo hiyo.

Na ukikosa cha Paris–Ujerumani usinunue tiketi ya bei ya kuua. Nenda stesheni ya Gare de l'Est hapo Paris, chukua TER mpaka Strasbourg. Ni treni ya mkoa, inasimama simama, karibu masaa 5 wakati TGV ni chini ya mawili, ila haidai kiti na pasi inaikubali. Strasbourg unapanda treni ndogo inavuka mto Rhine mpaka Offenburg, kama nusu saa, na hapo uko Ujerumani. Munich utaingia usiku, lakini utaingia. Angalia tu stesheni yako: Gare de l'Est na Gare du Nord unatembea dakika 10, ila Gare de Lyon iko mbali na hizo, ukienda huko kwa makosa treni imekuacha.

Hatua ya 5: Kubadilisha treni. Ratiba naangalia bahn.de, tovuti ya shirika la reli la Ujerumani, inaonyesha karibu Ulaya nzima, na kuchelewa unakuona. Ikikupa dakika 8 za kubadilisha treni Ujerumani, kataa, chagua inayokupa saa nzima. Mwaka 2024 treni zao za safari ndefu zilizofika kwa wakati zilikuwa kama asilimia 62 tu, na hapo aliyechelewa dakika 5 anahesabiwa amewahi.

Hatua ya 6: Saa. Andikianeni kwa tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi. Nilimwambia mpwa kwa simu "treni ni saa mbili na nusu", akaniuliza "mjomba, ya kwetu au ya kwao?" na alikuwa sahihi kabisa kuuliza. Tokea hapo ni 08:30 kwa meseji, basi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe. Ingiza safari kwenye apu ya pasi, Rail Planner, kabla hujapanda, siyo kondakta akishafika, na beba pawabenki maana pasi iko kwenye simu.