SOMO: Kutembelea Innsbruck, Austria, wakati wa baridi (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Kila ikifika Novemba napokea meseji zilezile kuhusu mji huu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

1. Viza ni ya Schengen. Bima ya safari isipungue yuro 30,000.

2. Kutoka Munich panda treni, mwendo wa saa mbili hivi.

3. Mji mkongwe unautembea kwa miguu. Goldenes Dachl ni kibaraza cha Kaisari Maximilian I, kina vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, kilimalizika mwaka 1500. Halafu ingia kanisa la Hofkirche, na usiwe na haraka. Sanamu 28 za shaba, nyeusi, ndefu kuliko mtu, zimelizunguka kaburi la huyo Maximilian, na kaburi lenyewe ni tupu: mwenyewe kazikwa mji mwingine, Wiener Neustadt. Kila nikienda lazima niingie humo.

4. Kupanda Nordkette, milima iliyo juu ya mji. HAPA SOMENI VIZURI. Mji uko mita 574. Treni ya Hungerburg, kisha vibanda vya kwenye kamba, vinakufikisha Seegrube mita 1,905 na Hafelekar zaidi ya mita 2,200. Mara ya kwanza nilivaa jinzi na fulana ya pamba chini ya koti zito. Mjini kulikuwa na joto, nikatembea mbio, nikatoka jasho. Kule juu upepo ulinikuta na fulana mbichi. Nilitetemeka mpaka vidole vikashindwa kushika simu, na simu yenyewe ikazimika kwa baridi. Pamba ikilowa haikauki, inakuganda mwilini. Vaa ya sufu au ya michezo ndani, sweta katikati, koti la kuzuia upepo juu. Simu iweke mfuko wa ndani.

Onyo la pili: Januari mji ukipata joto ghafla, ujue ni föhn, upepo wa kutoka kusini. Huko juu unaweza kuvuma mpaka kamba zikasimamishwa. Tazama tovuti ya vibanda hivyo kabla ya kukata tiketi. Na usivuke alama za njia, theluji huporomoka.

MASWALI

Kitenge: Mkuu, nivae nini?
Jibu: Hatua ya 4.

Bandari Salama: Miaka sita niko Ulaya navaa jinzi tu, acha kutisha watu.
Jibu: Sijazungumzia Ulaya. Nimezungumzia kilele chenye upepo. Mjini vaa jinzi yako.

Mjukuu wa Pangani: Upepo unavuka milima ya theluji halafu unafika na joto, inakuwaje?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu. Hewa ikipanda upande wa kusini inamwaga mvua au theluji, na mvuke ukigeuka maji unaachia joto, kwa hiyo hewa inapoa polepole. Ikishuka upande wa pili ni kavu, inapata joto kama nyuzi 1 kila mita 100. Kwa hiyo inafika chini ikiwa na joto kuliko ilivyoanza. Hata Kilimanjaro mvua huishia upande wa kusini, ndiyo maana Machame kuna migomba na Rongai ni pakavu.

Kitenge: Na viatu?
Jibu: Soli yenye meno. Theluji huyeyuka mchana, usiku inaganda kuwa kioo barabarani. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Mama Wawili: Watoto wangu wanachagua chakula.
Jibu: Dada, watafutie Kiachl kwenye soko la Krismasi. Ni unga wa kukaanga kama andazi, katikati umebonyea. Wakubwa huwekewa kabichi chachu. Wanao waombee ya jamu.