Kuuliza swali la tisa: kuchunguza hatari ya kujiua katika chumba cha wagonjwa wa nje

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwelekeza muuguzi mpya wa zahanati yetu, hapa Tanzania, matumizi ya dodoso la PHQ-9, la kupima sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa), lenye maswali 9 kuhusu hali ya mgonjwa katika wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3.

Hatua ya 1. Mwombe msindikizaji asubiri nje, hata akiwa mume au mama mzazi.

Hatua ya 2. Soma maswali 8 ya kwanza. Mimi hutumia karatasi, kwa kuwa mgonjwa anayemwona mhudumu akibofya kishikwambi hujibu mradi amalize.

Hatua ya 3. Swali la tisa linahusu mawazo ya kwamba ni afadhali kufa, au ya kujidhuru. Kwa miaka kadhaa nililiuliza kwa kukanusha, "Huna mawazo mabaya, sivyo?", na karibu kila mtu alinijibu kwamba hana. Mama mmoja aliyenijibu hivyo alikuwa amekwisha kuwagawia wadogo zake vitenge vyake vyote. Nililijua hilo jioni, dada yake alipokuja na wasiwasi, tukamtafuta hadi usiku tukampata salama. Tangu hapo nalitaja neno lenyewe: "Je, umefikiria kujiua?" Kisha nanyamaza. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Majibu kama "nimeichoka dunia" au "Mungu angenichukua tu" yasiandikwe 0 kabla ya kumwuliza anamaanisha nini. Kumbuka pia kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mgonjwa anaweza kukuogopa kama anavyomwogopa polisi. Mweleze kwamba unauliza ili atibiwe, lakini usimwahidi siri isiyo na mpaka, maana maisha yake yakiwa hatarini utalazimika kumshirikisha mtu. Wala usidanganywe na jumla ndogo: mwenye alama 5 kwa jumla, ambaye moja kati yake imetoka katika swali hili, huzungumziwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 4. Akikubali kwamba ana mawazo hayo, uliza kama ana mpango, kama njia anayoifikiria iko karibu naye, na kama amewahi kujaribu. Mwenye nia na mpango haachwi peke yake mpaka apokelewe kwa rufaa.

Hatua ya 5. Kwa asiyehitaji rufaa ya dharura, andikeni pamoja mpango wa usalama: dalili zinazotangulia, jambo la kumtuliza, watu wa kuwaendea, na nani atakayehifadhi viuatilifu na akiba ya vidonge. Karatasi ya kuahidi kutojiua siitumii. Humtuliza mhudumu kuliko inavyomlinda mgonjwa.

Hatua ya 6. Mpangie simu ya kesho yake, na namba uihakiki kwa kuipiga angali ameketi mbele yako.