Kukusanya sarafu za zamani na watoto wako Lubumbashi

Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi baada ya 1998 hajawahi kununua karanga kwa sarafu ya nchi yake. Falanga yetu ya sokoni ni noti peke yake, na sarafu anazozijua ni ngwee za Zambia zinazoletwa na watu wanaorudi kutoka mpakani Kasumbalesa. Kwa hiyo ukimwekea mkononi pesa nzito, ya baridi, iliyotumiwa na babu wa babu yake, anashangaa kweli. Hivi ndivyo tunavyofanya nyumbani kwetu.

Hatua ya 1: Anza na makopo ya wazee

Kabla ya kubeba feza kwenda sokoni, nenda kwa nkambo, yaani bibi au babu. Sarafu nyingi za mji huu bado zimelala kwenye makopo ya vifungo, droo za cherehani na masanduku ya waliofanya kazi Union Minière, ile kampuni ya migodi ya shaba. Nenda na watoto, na ombeni kuona, msiombe kupewa.

Sisi tulianzia Katuba, kwa mama mkwe wangu. Alimwaga kopo lake juu ya kitenge, binti yangu akawa anachambua vifungo kwa kidole mpaka akafika kwenye kiduara cha kahawia: upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba. Falanga 1 ya Katanga, 1961. Akauliza, "Nkambo, hii ni ya nchi gani?" Mama yule si msemaji, lakini siku hiyo alisimulia mpaka makaa ya mbabula yakazimika.

Hatua ya 2: Usisugue

Hili ndilo ninalolirudia kuliko yote. Mpwa wangu alipata falanga 5 ya Katanga, akaisugua kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua sufuria. Ilitoka nyekundu kama shaba mpya, na mistari midogo ya zile ndizi ikawa imelika. Ile rangi ya kahawia ni ngozi ya sarafu. Miaka sitini ndiyo imeitengeneza, na ukiitoa hairudi.

Kama kuna udongo, ilaze kwenye maji safi siku nzima, badilisha maji, kisha ikaushe kwa kugandamiza kitambaa laini bila kusugua. Ukiona unga wa kijani hafifu unaochomoza kwa madoa, itenge na nyingine, maana unaendelea kula shaba. Na wafundishe watoto kushika sarafu kwenye ukingo, juu ya meza yenye kitambaa, ili ikianguka isigonge sakafu. Wadogo wanaotia kila kitu mdomoni wakae mbali.

Hatua ya 3: Isomeni pamoja

Hapa chukueni muda. Tunazipanga kwa vipindi, na kila mtoto ana kipindi chake.

Zenye tundu katikati na nyota ni santimu zilizoanza 1887, wakati wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Zenye mchikichi na sura ya mfalme Albert ni za miaka ya 1920. Mwanangu wa kiume anapenda falanga 2 ya 1943: ya shaba ya manjano, ina pembe sita na tembo. Ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mtoto akishika sarafu hiyo anaelewa vita vile vilifika mpaka wapi.

Kisha Katanga ya 1961, ya miaka ile michache ya kujitenga na Kongo. Ule msalaba ni umbo la vipande vya shaba ambavyo watu wa huku walitumia kama mali karne nyingi kabla ya Wazungu. Vingine vilipatikana kwenye makaburi ya kale ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale.

Mwisho ni za Mobutu, kuanzia 1967. Zaire 1 ilikuwa makuta 100, na likuta 1 lilikuwa sengi 100. Likuta moja, makuta mengi: watoto wanalishika haraka, maana ni kama jicho na macho. Hata leo watu wanalia hawana makuta.

Hatua ya 4: Kuhifadhi

Bahasha ndogo za karatasi zinatosha kuanzia. Epuka plastiki laini yenye harufu kali. Baada ya muda inaachia utelezi wa kijani. Wakati wa mvua weka ndani ya boksi vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Hatua ya 5: Ukinunua

Beba sumaku na mizani ndogo. Shaba, fedha, dhahabu na alumini hazivutwi na sumaku. Jihadhari na anayekuuzia falanga 5 ya Katanga iliyong'arishwa akisema ni dhahabu. Ya dhahabu ilitengenezwa kweli, lakini ina uzito wa karibu mara mbili ya ile ya kawaida, kwa hiyo pima ile ya kwako nyumbani kwanza, uandike gramu. Misalaba ya shaba inayouzwa kama ya kale mara nyingi imetoka karakana juzi. Inunue kama pambo, kwa bei ya pambo. Na iliyochimbwa kaburini usiiguse. Hiyo watoto waione kwenye jumba la makumbusho la hapa mjini.

Hatua ya 6: Kadi

Kila sarafu ina kadi yake: imetoka kwa nani, lini, na alisema nini. Mtoto ndiye anayeandika, kisha anarudi kumsomea mwenyewe. Tulipomsomea mama mkwe ya kwake, alimkatiza mjukuu katikati: "Futa hapo. Hakunipa baba, alinipa kaka yangu, siku aliyopanda treni kwenda Likasi." Binti yangu akafuta, akaandika upya.