SOMO: Semi ya kisasa isikufilisi kwa DPF na AdBlue

Wakuu, hizi semi za Euro 6 (kiwango cha moshi cha Ulaya) na zile za Marekani za kuanzia 2010 watu wanazitukana sana eti mbovu. Sio kivile, ila tunaziendesha kama zile za zamani. Na kinachomaliza hela ni kununua DPF mpya (lile chujio la masizi kwenye ekzosi) wakati DPF haina kosa lolote.

Hatua ya 1. Tofautisha masizi na majivu. Masizi yanaungua, gari inajichoma yenyewe (ndio hiyo regen) joto likifika kama nyuzi 600. Majivu yanatokana na oili, hayo hata uchome mwezi mzima hayatoki mpaka chujio lishushwe lisafishwe kwa mashine. Kwa hiyo weka oili ya majivu machache, yenye kiwango cha CK-4 au ACEA E8 (zamani E6), kulingana na kitabu cha gari.

Hatua ya 2. Andika kila regen. Mimi nina kidaftari kwenye dashibodi, naandika kilomita tu. Kuna kipindi gari ilikuwa inajichoma baada ya siku kadhaa, ghafla ikawa kila siku, fundi akaniambia nunua DPF. Nikapitisha mkono kwenye hozi inayotoka kwenye tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini) kwenda intakula (kipoza hewa), chini ya klipu nikakuta pameloa oili nyeusi na mpasuko mdogo kama ukucha. Hewa inavujia pale, dizeli haiungui vizuri, masizi yanajaa! Nikaweka hozi mpya, tukapiga regen ya kulazimisha, mpaka leo DPF ni ile ile. Kwa hiyo kabla ya chujio angalia hozi, nozeli za dizeli, EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini) na tabo.

Hatua ya 3. Punguza silensa, yaani kuacha injini inawaka gari imesimama. Unasubiri mzigo masaa matatu injini inaunguruma, moshi unapoa, chujio linajaa. Na regen ikianza usiikatize.

Hatua ya 4. AdBlue, ile dawa inayopunguza gesi chafu ya NOx kwenye ekzosi, ni urea 32.5%, kilichobaki ni maji yaliyosafishwa, sio ya bomba. Usiianike juani, na funeli ya dizeli isiiguse kabisa.

Hatua ya 5. Hesabu kwa kilomita. AdBlue inaweza kwenda lita 3 mpaka 6 kwa kila lita 100 za dizeli, ongeza sensa za NOx (hizi zinakufa, zoea) na kusafisha DPF. Tenga hiyo hela kila safari, usisubiri taa iwake.

MASWALI

– Mkuu kwani nikiitoa hiyo DPF si naokoa?
Marekani na Ulaya ni kosa kisheria. Halafu hozi iliyopasuka bado imepasuka, inakula dizeli kimya kimya na sasa huna wa kukuambia.

– Nimebadilisha sensa ya NOx mara mbili taa inarudi
Acha kununua sensa kwanza. Fungua nozeli ya AdBlue uone kama ina chumvi nyeupe, pima na ubora wa AdBlue yenyewe, kisha tafuta ekzosi inapovuja kabla ya sensa.

– Kaka dereva kamwaga AdBlue kwenye tanki la dizeli, hajawasha bado
Asiwashe! Hata swichi asifungue, pampu itaivuta. Tanki lishushwe, lioshwe lote. Akiwasha tu, unaongelea kununua pampu na nozeli mpya.