Somo: Kasi na nguvu za leza ya daiodi, kuanzia plaiwudi hadi chuma cha pua

Namba zote hapa chini ni za leza ya bluu (nanomita 450 hivi) yenye wati 10 za mwanga, na kasi zote ni mm kwa dakika. Hakikisha kwanza wati ulizonazo: tangazo likisema "wati 40", mara nyingi huo ni umeme unaoingia, na mwanga unaotoka ni wati 5 hadi 10 tu. Nguvu ikiwa tofauti, badilisha kasi. Wati 10 kwa kasi ya mm 300 kwa dakika ni joule 2 kwa kila milimita. Ili upate joule hizohizo, wati 5 ziende 150, na wati 20 ziende 600. Hesabu hiyo inakusogeza karibu, kisha unajaribu.

1. Lenzi na fokasi

Malalamiko mengi ya "leza imeisha nguvu" yanaishia hapa. Moshi huganda kwenye kioo cha chini cha kichwa, mwale unatawanyika, na kioo chenyewe kinapata joto mpaka kinapasuka. Zima mashine, acha ipoe, futa kwa kijiti cha pamba na spiriti safi, subiri kikauke.

Fokasi weka kwa kipimo kilichokuja na mashine, kisha ihakiki. Inamisha ubao, upande mmoja uinuke mm 10 hivi, uchore mstari mmoja mrefu kwa nguvu ndogo. Pale mstari ulipo mwembamba kuliko kote ndipo penye fokasi. Pima umbali kutoka hapo hadi kichwani. Unapokata ubao wa mm 3 au zaidi, shusha fokasi mm 1 ndani ya ubao.

2. Programu

LaserGRBL ni ya bure, LightBurn inalipiwa, zote zinafaa. Kwenye GRBL (programu iliyo ndani ya mashine yenyewe) hakikisha $32=1, yaani hali ya leza imewashwa, na namba ya $30, yaani kiwango cha juu cha nguvu (kwa kawaida 1000), ilingane na kiwango cha juu cha S (namba ya nguvu inayotumwa) ndani ya programu. Ikiwa mashine ina 255 na programu inatuma hadi 1000, asilimia 26 tayari ni nguvu yote, na hutaelewa kwa nini kila kitu kinaungua. Kuchonga tumia amri ya M4: kichwa kikipunguza mwendo kwenye kona, nguvu nayo inashuka. Kwa M3 nguvu haibadiliki, ndiyo maana kona zinakuwa nyeusi.

3. Jedwali la majaribio

Tumia kipande cha ubao uleule wa kazi. Kwa kuchonga, panga vimraba vya mm 8: kasi 1000 hadi 6000 kwenda chini, nguvu asilimia 20 hadi 100 kwenda pembeni, pengo la mistari mm 0.1. Kwa kukata, weka nguvu 100 na vimraba vya mm 10 kwa kasi 150, 200, 250 hadi 500. Inua ubao bila kuugonga: chagua kasi kubwa kuliko zote ambayo kimraba chake kimeanguka chenyewe, halafu ipunguze kwa asilimia 10. Ukingo mzuri ni wa kahawia. Ukiacha masizi mazito vidoleni umekwenda polepole mno au hewa haitoshi.

4. Namba za kuanzia

Plaiwudi mm 3: kata kwa 100%, kasi 250–350, pampu ya hewa ikiwa imewashwa, chonga kwa 30–40%, kasi 5000–6000. MDF mm 3 ina moshi mzito, anza 200. Ngozi halisi iliyosindikwa kwa magome ya miti, mm 2: kata kwa 300–400, chonga kwa 20–30% na 6000. Akriliki nyeusi mm 3: 150–250. Kadibodi: 1000 na kuendelea, na usiondoke, inashika moto upesi kuliko vyote.

Chuma cha pua hakikatiki. Kinapata alama nyeusi kwa 100%, kasi 600–1000, pengo mm 0.08. Alumini tupu inarudisha mwanga, na shaba na shaba nyeupe zinasambaza joto upesi mno. Vaa miwani iliyoandikwa OD (kiwango cha kuzuia mwanga) 4 au zaidi kwa nanomita 450. Miwani ya jua haikingi.

5. Usivyokata kamwe

PVC, vinaili na reksini ya makochi. Zinatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayounguza mapafu na kutia kutu reli za mashine. Ukiwa na shaka, toka nje, pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, gusisha plastiki, urudishe kwenye moto. Mwali ukigeuka kijani, ina klorini: itupe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, plaiwudi yangu inakatika pembeni lakini kuna sehemu zinashikilia. Nimeshuka hadi 150, bado.*

Usishuke tena, unapika makaa, na makaa yanazuia mwale. Rudi 350 na upite mara mbili. Zikishikilia palepale, hapo kuna kifundo au kiraka cha gundi. Plaiwudi ya baharini ina gundi nyeusi inayokataa leza ya bluu, ibadilishe. Angalia pia kama ubao umepinda: ukiinuka mm 2 katikati, fokasi imepotea.

*Nikipaka akriliki angavu rangi nyeusi, itakatika?*

Hapana, ndugu. Mwanga wa bluu unapita kwenye akriliki angavu kama inavyopita taa ya chumbani. Rangi itanyonya joto juu tu, kwa hiyo utapata mchongo wa juujuu, basi. Kuikata kunahitaji leza ya CO2.

*Picha zangu zina milia, na kingo za kushoto na kulia ni nyeusi zaidi.*

Ni matatizo mawili. Milia: kaza mikanda, kisha jaribu pengo la 0.08. Kingo nyeusi: kichwa kinapunguza mwendo kinapogeuka, hivyo washa overscan ya asilimia 5 ili kigeukie nje ya picha leza ikiwa imezima. Acha nafasi pembeni, la sivyo kichwa kitagonga fremu.