Guts si utumbo: namna ya kuitafsiri

Tazama kwanza umbo la neno hili la Kiingereza, guts. Likiwa na s mwishoni na kutanguliwa na have, take au lack, neno hili kwa kawaida ni ujasiri. Bila s, gut huweza kuwa kitambi, na gut feeling ni machale. Hate his guts ni kumchukia mtu kupindukia. Ujasiri haumo kabisa.

Asili yake ni tumboni kweli. Kiingereza cha kale kilisema guttas, matumbo, neno la ukoo mmoja na kitenzi cha kumimina. Maana ya ujasiri ilikuja karne ya 19 ikielekea ukingoni. Kabla yake kulikuwa na pluck: kwa wachinjaji wa Uingereza ni moyo, ini na mapafu. Mbuzi akipasuliwa bucha la Uyole, utaona vinavyotoka vimeshikana kwenye koo, mvuto mmoja tu, na kitenzi pluck ni kuvuta. Francis Grose, katika kamusi yake ya lugha ya mitaani ya 1785, tayari anaipa pluck maana ya ujasiri.

Sasa tafsiri. Ukiandika "dada huyu ana utumbo" umemtukana, maana kwetu anayeongea utumbo anaongea pumba. Kiswahili kina viungo vyake, na uchaguzi hutegemea msemaji anasifu, anachokoza au analalamika.

Akisifu, tumia moyo. Tuseme unawaongoza wageni Kalenga, Iringa, na bango linasema it took guts to attack at Lugalo. Usiseme "ilichukua ujasiri". Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sema: Wahehe walipiga moyo konde wakaivamia safu ya Zelewski, kamanda wa Kijerumani, Agosti 17, 1891.

Akichokoza, you don't have the guts, ubavu unatosha: "Huna ubavu wa kunigusa!" Akilalamikia mdaiwa aliyerudi kukopa tena, he had the guts to ask, hapo ni uso: "Amepata wapi uso wa kuniomba?" Moyo ukiuweka hapa, lawama inageuka sifa.

Roho ngumu itumie kwa uangalifu. Wengine watasikia uvumilivu, wengine ukatili, kwa hiyo sentensi inayofuata lazima ioneshe ni upi.

Na kwenye barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, andika courage. Guts ni ya kijiweni.